Ubeti wa Tano

Hakutaka umeme.
"Gitaa za kuchomeka ukutani zimenila masikio," alisema Effie,
"albamu hii nataka mbao, nyuzi na kucha,
na kama kanisa lina panya, panya nao waimbe."

Basi tukafungua kanisa la Mtakatifu Anna,
lililofungwa mwaka uleule mgodi ulipofungwa.
Nikaondoa theluji mlangoni kwa koleo la makaa,
nikaning'iniza maikrofoni mbili tu:
moja kwa mdomo wake,
moja kwa lolote litakalotokea.

Ana miaka sabini na sita.
Sauti iliyokuwa ikipanda ngazi tatu tatu
sasa hushika ukuta,
hupumzika katikati, huomba maji.
Tulishusha tuni mara mbili.
"Ikifika kwenye soli za viatu," alisema, "nitawaambia."

Wageni walikuja mmoja mmoja.
Anselme wa Chéticamp, fidla yake ndani ya foronya
kwa kuwa sanduku lake lilikwenda na kamari.
Winsome Braithwaite wa Whitney Pier,
ambaye babu yake aliitwa na tanuru za chuma kutoka Barbados,
akiikumbatia besi yake kupita mlangoni
kama mlevi anayesindikizwa nyumbani.
Na kijana Tadeusz mwenye kodiani,
aliyejifunza nyimbo zote kwa kaseti ya mama yake:
mahali mkanda ulipolegea, naye alilegea.
Effie alicheka hadi akakohoa.
"Sikujua," alisema, "kwamba nilikuwa nayumba vizuri hivyo."

Mwanzo wa ngoma ni lele,
na lele yetu ilikuwa chai, matusi ya Kifaransa,
nyuzi kukatika kwa baridi.

Siku ya tatu akautaka wimbo wa mlipuko.
Mji mzima unaujua. Beti nne.
Wanaume kumi na wawili, kila mmoja na namba ya taa
ambayo jioni ile haikurudi kwenye msumari wake.
Niliuimba shuleni. Niliuimba kwenye mazishi ya bibi.
Beti nne, kisha kimya, kisha vitambaa vya mkononi.

Akaimba nne.
Anselme akainua upinde, amemaliza.
Effie hakumaliza.

Baba yake hayumo kati ya wale kumi na wawili.
Baba yake alibadilishana zamu na Hector Gillis
kwa chupa ya ramu na kichwa kinachouma,
akalala hadi king'ora kilipomwamsha,
akaishi miaka thelathini mingine
akivuka barabara kila alipomwona mjane.
*Na mimi*, aliimba Effie, sasa sauti iko kwenye soli kweli,
*na mimi nilikula mkate wa zamu ile,
nilikula, nikanenepa.*

Fidla ilinyamaza kwanza.
Kodiani ikatoa pumzi bila noti.
Winsome peke yake alibaki, uzi mmoja, chini kabisa,
kama mtu anayezuia mlango ili mwingine apite.

Kisha bomba la mvuke likagonga ukutani. Mara tatu.

Nami, kwa ujinga wa fundi, nikasema:
"Turudie. Bomba limeingia."

Akanitazama juu ya miwani.
"Miaka hamsini nimerudia beti nne.
Huu uache. Na bomba liache,
uandike jina lake kwenye jalada pamoja na wageni."

Bibi yangu alikuwa mjane wa Hector Gillis.
Sikuwa nimemwambia.
Lakini mafundi wamejaa Halifax, wenye vyeti na studio za joto,
na simu ilikuwa imelia kwangu.

Nikazungusha waya kwenye kiwiko, polepole,
kama sufu ya kufumia.
Nje Anselme na Winsome walikuwa wakisukuma gari la Tadeusz,
magurudumu yakilia thelujini, hayaendi.
Effie akamenya chungwa.
Akaligawa vibaya, akanipa upande mkubwa.
Nikaula.